Anayenyoosha uti wa mgongo: asomee, au mikono mizuri inatosha?

Wadau, jana kijiweni mzee mmoja ninayemheshimu alisema kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono, haihitaji chuo. "Bibi zetu wamekanda migongo miaka yote, nani aliwadai cheti?" Mimi nasema chuo ni lazima, na asiyesoma azuiwe.

Bibi alichua misuli kwa mafuta ya nazi. Kuikamata shingo ya mtu na kuizungusha ghafla ni kazi nyingine kabisa. Humo shingoni inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Hutokea mara chache, lakini ukichanika mmoja mtu anapata kiharusi. Na ule mlio tunaoushangilia kwenye video si mfupa uliorudi mahali pake. Ni gesi iliyo katika ute wa kiungo, sawa na unapoalisha vidole.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka asiyekuwa tabibu asome saa zisizopungua 4,200, na 1,000 kati ya hizo awe anatibu wagonjwa chini ya msimamizi. Afrika Kusini wanaisomea chuo kikuu, Durban na Johannesburg. Saa zote hizo si za kujifunza kuvuta na kubonyeza tu. Anajifunza kusoma picha za eksirei, na kumtambua mgonjwa asiyepaswa kuguswa: mwenye mfupa uliovunjika, saratani, au kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Hicho cha mwisho nakijua. Mama yangu mdogo alinyooshwa mara tatu na mtu aliyesifiwa mtaa mzima. Alikuwa na homa za jioni, amekonda, na hakuna aliyemuuliza. Alipopigwa picha hospitalini, pingili mbili zilikuwa zimeliwa. Dawa zilimponya, ila mpaka leo anatembelea mkongojo.

Mzee ana hoja moja: waliosoma ni wachache na bei zao zinauma. Nakubali pia kwamba fani yenyewe ilianza na madai makubwa. Mwanzilishi wake, D. D. Palmer, huko Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, alidai amemrudishia Harvey Lillard usikivu kwa kumbonyeza mgongo. Kwa maumivu ya kiuno inasaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi. Anayekuahidi kuponya pumu au kisukari kwa njia hiyo, mkimbie.

Mnaomuunga mkono mzee, nijibuni hili: asiyesoma atautambuaje mgongo usiofaa kuguswa?