Naomba ushauri: nondo za faiba kwenye bimu, nyumba ya karibu na bahari

Wakuu habari, mainjinia na mafundi nisaidieni. Najenga Kigamboni karibu kabisa na bahari, majirani nondo zimekula kutu mpaka zege linabanduka, sasa kuna jamaa ananishawishi niweke nondo za faiba ya glasi kwenye bimu halafu zege lichanganywe na nyuzi za plastiki. Kutu hazishiki, hilo sibishi, na uzito ni kama robo ya chuma. Shida yangu ni kupinda. Kuvutwa zinahimili kuliko nondo za kawaida ila ugumu wake (yaani kukataa kurefuka zikivutwa, kipimo chake ni GPa) ni kama GPa 45 mpaka 60 wakati chuma ni 200, si ndo bimu ya mita 5 itabonyea na nyufa ziwe pana hata kama haivunjiki? Halafu chuma inanyumbuka kwanza, hizi zinakatika ghafla, ndo maana wataalamu wanazidisha nondo ili zege la juu lipondeke kabla. Je hizo nyuzi zinaongeza nguvu kweli au zinabana nyufa tu? Na ringi (zile za kuzungushia nondo za bimu) mnapataje maana nondo za faiba saiti hazikunjiki? Fundi anataka abadilishe nondo ya chuma ya milimita 16 kwa ya faiba ya milimita 16 bila hesabu, mi nimegoma. Au nibaki na chuma niongeze tu kava (unene wa zege linalofunika nondo)?