Nimevunja ungo, upinde naambiwa niache, ila na kuua kwenyewe kunanishinda

binti_yaeda:
Shikamooni wakubwa. Mimi Mhadzabe wa bonde la Yaeda, miaka 15, nasoma bweni, hapa natumia simu ya mjomba. Tangu mdogo nazunguka na kaka zangu na kaupinde kangu, nimepiga ndege, nimepiga pimbi, hakuna aliyenikataza. Likizo hii nimevunja ungo, bibi kasema basi, mishale ya sumu nisiguse, eti sumu itaisha nguvu, akanichongea fimbo ya kuchimbia mizizi. Nimelia jamani. Ila wiki moja kabla kaka alimpiga digidigi, mimi ndo nikawa wa kwanza kumfikia, bado anahema, jicho limelowa maji na nikajiona mle ndani, nikashindwa hata kumshika miguu. Usiku nyama nikala na ilikuwa tamu. Sasa nalilia nini, upinde au nalilia tu kukatazwa?

mama_eyasi:
Marahaba mwanangu, hongera kwa kukua. Mimi maitoko, sherehe yetu ya wasichana waliovunja ungo, nilicheza zamani, msimu wa matunda, tumevaa shanga tunawakimbiza wavulana na fimbo, ukimpata unamchapa kweli. Hiyo fimbo ya bibi usiidharau, wanaume wanarudi mikono mitupu siku ngapi, kambi inakula ekwa, ile mizizi tunayochimba, na ubuyu wetu sisi. Na sumu hata mume, mkewe akiwa kwenye siku zake, haendi kupiga mnyama mkubwa, kwa hiyo usijione umefukuzwa peke yako.

mpigaupinde:
Mdogo wangu lile jicho nalijua, mimi mwanaume na huwa nalifumba kwa kiganja kabla sijachuna. Ila mama hapo juu tusiseme yote yako sawa. Nyama ya epeme, yaani ile takatifu ya mnyama mkubwa kama moyo, figo, mapafu, wanakula wanaume walioingizwa kwenye epeme tu, dada yangu mpaka leo anauliza kwa nini na hakuna anayemjibu vizuri. Wewe uliza tu. Mshale wa ndege ni mti mtupu hauna sumu, muulize bibi kama na huo kaukataza.

binti_yaeda:
Asanteni sana. Nimemuuliza leo tukichimba. Alinyamaza mpaka akaitoa ekwa yote, akaimenya kwa meno, akanipa kipande, ndo akasema huo mshale wa ndege hakuutaja. Kaka anaondoka alfajiri. Upinde nimeuweka karibu na kichwa, na usingizi hauji.