Figma 153, Link wa Skyward Sword, boksi limeshafunguliwa: nikague nini kabla ya kutoa hela?

mdau_wa_mzizima
Wakuu, habari zenu. Kuna muuzaji hapa Dar ana figma (sanamu ndogo ya plastiki yenye viungo vinavyokunjika) namba 153, yule Link, shujaa wa gemu la Zelda: Skyward Sword. Anataka laki moja na nusu. Boksi limefunguliwa, trei ya plastiki ya ndani ipo. Kwenye picha upanga umepinda, na mwenyewe anasema mwili "unanata kidogo, ukifutwa unaisha". Tunakutana Jumamosi. Nikishaishika mkononi nianze kukagua wapi? Na huko kunata ndiyo dalili ya feki?

bawaba
Kunata peke yake hakuthibitishi ufeki. Nguo, nywele na kofia ni PVC laini (aina ya plastiki), na PVC hulainishwa kwa kemikali ambayo miaka ikipita hujitokeza juu, hasa kwenye joto na ndani ya boksi lisilopata hewa. Figma hii ilitoka 2012, mwaka mmoja baada ya gemu kutoka kwenye Wii. Kwa joto la Dar, ya umri huo kunata ni kawaida. Dawa yake ni maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha suuza na uache kivulini mpaka viungo vikauke hadi ndani. Thina na asetoni usiziguse, zinaondoka na rangi. Cha kutilia shaka ni harufu kali ya thina au petroli inayokupiga ukifungua boksi.

Ila 153 imefyatuliwa feki nyingi mno, kwa hiyo anza na uso. Washa kamera ya simu, vuta karibu, tazama macho. Kwenye orijino yamechapwa: kingo kali, macho mawili yamekaa usawa mmoja. Kwenye feki utaona wino uliosambaa au jicho moja limepanda. Ngozi ya orijino haing'ai, na mikunjo ya vazi la kijani ina kivuli cha rangi iliyopuliziwa. Feki mara nyingi ni kijani kimoja tupu, na uso unang'aa kama umepakwa mafuta.

Halafu badilisha sura. Zipo mbili, ya utulivu na ya kushambulia. Vuta kipande cha nywele za mbele, toa sura, weka nyingine. Ikiacha mwanya kwenye kipaji au nywele zikakataa kurudi, rudisha mzigo kwa mwenyewe.

pini_na_tundu
Naongezea kwenye viungo, maana huko ndiko hela inakopotelea hata kama ni orijino.

Viganja ndiyo mtego mkubwa. Pini ya kifundo cha mkono ni nyembamba sana. Ukikishika kiganja kwa vidole vyake na kukisokota, pini inakatika na kipande kinabaki ndani ya tundu, na kukitoa kunahitaji keekee ya mkono yenye ncha chini ya milimita moja. Shika kiganja kwenye shina lake, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Kikigoma, acha. Kipashe kwa draya ya nywele au maji ya moto kama nusu dakika, PVC ilegee ndipo uvute.

Kabla hujakunja kiungo chochote, tazama pini za viwiko, magoti na vifundo vya miguu kwenye mwanga. Plastiki iliyogeuka nyeupe kwenye mkunjo imeshachoka, itakatika tu. Ukiona gundi iliyomwagika karibu na kiungo, kuna mtu alishafanya ufundi hapo.

Nyonga zikilegea usiogope. Pakaa gundi nyeupe ya mbao kidogo sana kwenye pini, acha saa 24, rudishia. Ikikauka inakuwa kama utando, na ukitaka unaibandua. Supaglu weka kando: ikivuja kidogo tu, kiungo kimeganda moja kwa moja.

ghala_la_kidijitali
Boksi mimi silipi uzito mkubwa, lakini vipande vidogo ndivyo thamani yenyewe. Hesabu: upanga, ala yake, ngao, viganja vya ziada, stendi yenye mkono wa kukunjika. Kiganja cha kulia chenye mshiko wa upanga ndicho cha kukagua kwa makini. Link wa Skyward Sword hutumia mkono wa kulia, tofauti na wengi waliomtangulia walioshika upanga kwa kushoto, kwa hiyo kiganja hicho kikikosekana umebaki na shujaa wa kupunga mkono tu.

Kuhusu bei, usilinganishe na bei wanazotangaza wauzaji, angalia zilizokwishauzwa. Msaada mwingine ni maduka ya mitumba ya Japani. Mmoja wao, AmiAmi, wanaipa bidhaa daraja lake na boksi lake: bidhaa ni kutoka A kushuka mpaka C, na J ni mbovu. Yako, kwa maelezo haya, ni B ikioshwa vizuri. Tafuta B mwenzake, jumlisha usafiri na ushuru, ndipo ujadiliane.

mdau_wa_mzizima
Asanteni. Ametuma picha nyingine, boksi lina stika ya leseni ya Nintendo na nembo ya Max Factory, watengenezaji wa figma. Hiyo inatosha?

bawaba
Haitoshi. Stika inaigwa kama kitu kingine chochote, na boksi orijino linaweza kubebeshwa sanamu feki. Tumia boksi kukataa, usilitumie kukubali: picha zilizofifia, maandishi madogo yasiyosomeka au nembo ya Good Smile Company (wasambazaji wa figma) iliyokosewa herufi, ondoka. Likiwa safi, bado rudi kwenye macho na sura.

pini_na_tundu
Upanga uliopinda usikuondolee usingizi, ila utumie kushusha bei. Maji ya nyuzi 70 hivi, yasichemke, sekunde 30. Mara nyingi PVC inakumbuka umbo lake na kunyooka yenyewe, la sivyo unyooshe taratibu kwa vidole kisha utumbukize kwenye maji baridi ukiwa bado umeushikilia. Baada ya hapo usimwache ameegemea upanga kwenye kabati. Na usihifadhi nguo zile laini zikigusana na plastiki ngumu ya stendi: kemikali ile ile inayonata huitafuna, na alama yake haitoki.