MREJESHO: Matamshi ya maneno marefu ya Kiingereza, kidato cha pili

Habari zenu walimu wenzangu. Niliuliza niwasaidieje wanafunzi wangu hapa Kongwa kutamka maneno kama irresponsible. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kutenga kiambishi awali kwanza, kisha kulijenga neno kuanzia mwisho: ble, sible, sponsible, irresponsible. Umefanya kazi vizuri mno! Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana walikuwa wanakandamiza “si”. Sasa unatua kwenye “spon”, panapostahili. Kupiga makofi kumesaidia kuhesabu silabi tu, mkazo haukusogea.

Uncomfortable bado inatushinda. Wengi wanamalizia kwa table, ile ya meza. Mwenye mbinu ya hilo naomba aniandikie.