Furaha ya Mkristo wakati shamba limekauka: tuifundisheje?

Mwinjilisti_Chamwino

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandaa masomo ya wiki 4 juu ya furaha kwa ibada za nyumba kwa nyumba, vijiji vya huku Chamwino, Dodoma. Mvua ilikatika mapema, mtama haukubeba, wenye mizabibu nao wanahesabu hasara. Watu wakisomewa "Furahini siku zote" (1 Wathesalonike 5:16) wanaitikia amina, kisha wiki inayofuata wengine hawaji. Naomba mnisaidie: huzuni ya muumini ni upungufu wa imani? Nianze na maandiko gani, na kwa mpangilio upi ili waliofiwa na walioishiwa chakula wasijione wamehukumiwa? Saa yetu ya ibada ni moja tu.

Mwalimu_wa_Neno, Mpwapwa

Amina, mtumishi. Hilo la huzuni tulimalize kwanza: si dhambi, wala si imani kupungua. Yesu alilia penye kaburi la Lazaro. Paulo anajieleza yeye na wenzake "kama wenye huzuni, bali siku zote tu wenye furaha" (2 Wakorintho 6:10). Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, siku moja. Ukifundisha kwamba huzuni ikiingia furaha imetoka, watu watakuficha mambo yao, na hapo ndipo wanapoanza kutoonekana.

Wafilipi usiifanye somo la kwanza. Kila mtu huirukia hiyo, akasoma 4:4 ("Furahini katika Bwana siku zote") na kufunga Biblia. Iweke wiki ya 4.

Wiki ya 1 chukua Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Mistari miwili ya mwanzo inauliza "hata lini" mara 4, miwili inayofuata inaomba, na miwili ya mwisho inatumaini na kuimba. Gawa saa yako hivi: dakika 10 kusoma mara mbili, dakika 25 kwa malalamiko, 15 kwa maombi, 10 kwa mstari wa 5 na wa 6. Malalamiko yaelekezwe kwa Mungu, yaani mtu aseme "Bwana, hata lini…" na kumalizia mwenyewe. Yakigeuka kuwa lawama kwa jirani au kwa mwenyekiti wa kijiji, warudishe kwenye zaburi. Viongozi wengi huharibu hapa kwa haraka: mtu hajamaliza sentensi ya kwanza, ameshasomewa mstari wa 5. Vumilia zile dakika 25.

Wiki ya 2 ni Habakuki 3:17-18. Kwa watu wa Dodoma hakuna cha kufafanua: mizabibuni hamna matunda, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kundi. Kila mmoja ataje kilichokosekana kwake. Kisha waonyeshe jambo ambalo nabii hakulisema. Hakusema mavuno yatarudi msimu ujao. Anasema atamfurahia BWANA, Mungu wa wokovu wake, hata zizi likiwa tupu. Nakusihi usiahidi mvua siku hiyo. Ukiahidi na isinyeshe, utakuwa umeifunga furaha yao kwenye mawingu.

Wiki ya 3, Nehemia 8, ndiyo nzito kuliko zote. Tunapenda kunukuu "furaha ya BWANA ni nguvu zenu" (8:10) bila kuangalia ilisemwa wapi. Ezra amesoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, watu wote wanalia kwa walichosikia. Wanaambiwa wasilie, waende wakale kilichonona, wakanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Mstari wa 12 unasema walikwenda, wakala, wakapeleka sehemu, wakafurahi sana, kwa sababu wameyafahamu maneno waliyohubiriwa. Furaha hiyo ilikuwa na chakula na mpokeaji. Na toba haikufutwa: siku ya 24 ya mwezi uleule walifunga, wakavaa magunia, wakaungama (Nehemia 9). Ilipangiwa siku yake.

Basi somo hili lisiishie mdomoni. Tangaza wiki moja kabla kwamba mwenye chochote alete: kisado cha uwele, karanga, mlenda mkavu. Asiye na kitu asiulizwe. Watu wawili waaminifu ndio wajue kinakwenda nyumba zipi, na wapeleke jioni ileile. Ukiwaita watu mbele wapokee huku wenzao wanapiga makofi, umewavunjia heshima, na hawatarudi.

Wiki ya 4 sasa, Wafilipi. Anza 1:12-18 ili waone kwamba mwandishi yumo kifungoni. Soma 4:4 mpaka 4:7 bila kukata katikati, maana baada ya "furahini" kuna upole, kuna sala na kuomba pamoja na kushukuru, ndipo amani inatajwa. Malizia 4:10-18, ambapo Paulo anafurahi sana kwa kuwa kanisa lile lilimkumbuka na kumtumia mahitaji kwa mkono wa Epafrodito. Hapo waumini watakumbuka zile sehemu za wiki ya 3 bila wewe kuwakumbusha.

Katekista_K

Tumsifu Yesu Kristo. Naongezea jambo moja. Kwetu Wakatoliki furaha imewekwa makusudi katikati ya majira ya kungoja na kufunga: Dominika ya 3 ya Majilio na ya 4 ya Kwaresima, padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Antifona ya kuingilia, yaani wimbo wa mwanzo wa Misa, ya ile ya Majilio ni hiyohiyo Wafilipi 4:4. Inaangukia Desemba, wakati wakulima wa kanda yetu wanatazama mbingu wakingoja kupanda.

Kwa mtu anayesema "nasali lakini moyo mkavu", mafundisho ya Mtakatifu Ignas wa Loyola yanasaidia sana. Kipindi cha ukiwa, yaani moyo unapokosa faraja, usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa na faraja: usiache jumuiya, usivunje nadhiri. Kama uliazimia kusali saa nzima, zidisha kidogo badala ya kupunguza. Halafu jichunguze kwa sababu 3 anazozitaja: huenda ni uzembe wetu katika sala, huenda Mungu anatupima, au anatufundisha kwamba faraja ni zawadi yake na si kazi ya mikono yetu. Mtu asirukie ya kwanza tu na kuanza kujilaumu.

Mwinjilisti_Chamwino

Mbarikiwe sana. Nimebakiwa na mawili. Kikundi cha sifa kinataka kuanza kila ibada na mapambio ya haraka ili "kuamsha furaha". Na kuna mama hali chakula vizuri, halali usiku, haongei. Wenzake wanamwombea roho ya furaha.

Mwalimu_wa_Neno, Mpwapwa

La mapambio: Matendo 16:25 inasema Paulo na Sila walikuwa wakimwomba Mungu na kumwimba, wamekwisha kupigwa, miguu imo kwenye mkatale. Na ni Filipi huko, mji ulioandikiwa ile barua. Kwa hiyo wiki ya 1 na ya 2 fungua na wimbo wa kuomba, wa taratibu, bila spika. Mapambio yaje mwisho. Kelele zikitangulia, anayelia anakosa pa kuingilia. Wiki ya 3 waachie ngoma tangu mwanzo.

Muuguzi_Dom

Shikamooni wakubwa. Kuhusu huyo mama, tafadhali msisubiri wiki 4 ziishe. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula, akapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, anahitaji kupimwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ni ugonjwa, una tiba. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watampa rufaa kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma. Muulizeni waziwazi, mkiwa naye faragha, kama anawaza kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu shambani ziondolewe nyumbani, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kumwombea endeleeni, ila msimwambie afurahi. Someni 1 Wafalme 19: Eliya chini ya mretemu aliomba afe. Malaika alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Hakukemewa. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu. Kwa wiki hizi wekeni zamu: mmoja ampikie uji asubuhi, mwingine amsindikize kliniki na kuangalia kama dawa anazinywa, maana nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi.