Mrejesho: Yule winga mtukutu tulimsajili

Wakuu, niliuliza hapa kama timu yetu ya ndondo (soka la mtaani) huku Temeke imchukue winga fundi aliyetemwa kwingine kwa utovu wa nidhamu. Asanteni sana. Tulifuata ushauri wa kumpa mechi chache kwanza, huku nahodha akikaa naye karibu. Uwanjani ametubeba kweli, mabeki wanamwogopa. Faini hazikusaidia kitu; kumweka benchi ndiko kulikomshtua. Mazoezini bado anachelewa, na kipa wetu mkongwe ameondoka kwa sababu yake. Hilo limeniuma. Mdau aliyemtaja Cantona, yule mshambuliaji Mfaransa mtukutu, yuko sahihi, Manchester United walimvumilia hata alipofungiwa miezi 8 mwaka 1995, ila wao walikuwa na kocha Ferguson. Sisi tumemwongezea muda hadi mashindano yaishe, basi.