Tupeane uzoefu: umewahi kuua ndege wasumbufu? Ulitumia njia gani, na moyo ulikuaje baadaye?

Mama Chanja (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Igombe, naanika dagaa, mwaka wa nane sasa. Msimu mmoja yangeyange, mwewe na kunguru walinizidi kabisa. Unamwaga ndoo kumi kwenye chanja, ukigeuka kidogo wameshavuruga, na walichobakiza kimejaa kinyesi, mteja anakunja uso anaondoka.

Jirani akanipa chenga za zambarau, dawa ya wadudu wa shambani. Akaniambia changanya na dagaa kidogo, weka pembeni. Nikafanya hivyo.

Asubuhi nilikuta kunguru kumi na mmoja na yangeyange sita wamekufa. Mwewe mmoja alikuwa bado mzima. Kalala kifudifudi mchangani, mbawa zimetandazika, kucha zimejikunja kama ngumi na hazifunguki, udenda unamtoka, jicho linapepesa. Sikuwa na ujasiri wa kummalizia. Alichukua muda mrefu sana. Mchana mbwa wa jirani mwingine akafa, alikuwa ameokota kunguru. Na watoto walishachukua yangeyange wawili wakawasha moto wa kuchoma. Tulikimbia tukawanyang'anya kabla hawajala.

Sisemi ndege wasiuawe. Kuku nachinja mwenyewe. Nataka kusikia wenzangu: mlifikia wapi na mlijua vipi kwamba hapa ndiyo mwisho?

Jaruba la Magu

Pole sana dada. Naomba nikuambie upande wetu wa mpunga, maana watu wa mjini wakisikia kuua ndege wanafikiria kindege kimoja kwenye mti.

Kwelea kwelea hawaji mmoja. Unasikia kwanza, mvumo kama mvua inayokuja toka mbali, halafu anga linageuka kijivu. Kila mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, unaona ni kitu kidogo. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku. Mpunga ukianza kutoa maziwa tunahamia shambani, kuamia kuanzia alfajiri mpaka giza. Makopo, kombeo, kelele. Mwaka ule nilimtoa binti yangu shule wiki tatu akae kwenye dungu, sauti ikamkauka kabisa. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko ndege yeyote.

Ndege ya serikali ilipokuja kunyunyiza nilishukuru Mungu, na bado nashukuru. Lakini kesho yake nilienda kwenye matete wanakolala. Chini palikuwa pameezekwa kwelea. Katikati yao bundi wawili, na kipanga. Wale bundi walikuwa wanatusaidia kuua panya bure kabisa. Nikakaa kimya, sikumwambia mtu.

Mzee wa Ukara

Mimi ni manati tu tangu utoto. Dini yangu imenifundisha ukiua, ua vizuri, kisu kiwe kikali na mnyama asiteseke. Sumu haina kisu kikali. Hilo kwangu linatosha.

Bwana Shamba Mstaafu

Nimehudumu kanda hii miaka mingi, niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo.

Dawa inayonyunyizwa kwa kwelea ni fenthioni. Hupigwa jua linapozama, kundi likiwa limetua malaloni. Inashika mishipa ya fahamu, ndivyo alivyokufa yule mwewe wa Mama Chanja, maana zile chenga zake zinaua kwa njia hiyo hiyo. Ndege hafi papo hapo. Anaruka akiwa na dawa mwilini, anaangukia kijiji kingine, analiwa na tai, na paka, na mtu. Mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Rotterdam ziliingiza fenthioni ile kali ya kunyunyizia kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi inapaswa kuarifiwa na kuridhia kabla hazijaingizwa. Si marufuku, ila ni onyo zito.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimamia kazi ambayo taarifa ilifika kijijini baada ya ndege ya kunyunyiza kupita. Akina mama walishajaza vikapu. Tulipita nyumba kwa nyumba usiku na tochi, tukiomba watu wamwage kitoweo. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, ila nilipofika nyumbani mikono ilikuwa inatetemeka.

Kule Kondoa, mkoani Dodoma, watu wanawatega kwelea kwa nyavu na vikapu, wanawala na kuuza. Pale anayekufa ni aliyenaswa, asiyetakiwa anaachiwa. Kwa kundi kubwa sana mtego hautoshi, nakubali. Lakini mahali unapotosha, sioni sababu ya kukimbilia dawa.

Kijana wa Unguja, niko Nyegezi

Kwetu kunguru weusi waliletwa kutoka India miaka ya 1890, si wa asili, wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Baba alikuwa na tundu la waya, anaweka kunguru mmoja hai ndani kuwaita wengine, na hakosi kumwekea maji na kivuli. Nilimsaidia kuwaua na sijutii. Ila kunguru wa hapa Mwanza wenye shingo nyeupe ni wenyeji. Ningesita.

Mama Chanja

Asanteni, nimesoma zote mara mbili. Jaruba, msalimie binti.

Sasa hivi natandika nyavu chakavu za dagaa juu ya chanja, nimezivuta zikaze ili ndege asinase miguu. Kuna kijana namlipa kukaa na fimbo. Nakosa kidogo kila siku, nimekubali.

Mfuko wa zile chenga nilimrudishia jirani. Jana nimeuona uko juu ya kabati lake, karibu na unga. Nimemwomba anipe, amekubali. Bwana Shamba, nautupa wapi?

Bwana Shamba Mstaafu

Usiuchome, usiufukie, usiutupe ziwani. Uvae mifuko ya nailoni mikononi, utie ndani ya kopo lenye mfuniko, uandike SUMU, umpelekee ofisa kilimo wa kata yako. Fanya kesho asubuhi, mama, kabla hajabadili mawazo.